Nusu Yai Kutoka Mlangoni Hadi Jukwaani

Mjomba wangu anaitwa Yai. Si jina la kuzaliwa, jamani, bibi yetu hakuwa na roho mbaya kiasi hicho. Alilipata kazini, mwezi wake wa kwanza, akiwa na miaka ishirini na mbili na ndevu saba za kuhesabu.

Kazi yake ni kuchora mistari. Ukiona mistari ya kiwanja cha mpira, ya maegesho ya magari, ile ya njano sakafuni hospitali inayokwambia fuata hapa ufike maabara, ujue kuna mtu aliinama siku nzima akaichora. Kwetu mtu huyo ni Mjomba. Sasa mwezi huo wa kwanza wakampa kiwanja cha mpira, mechi kesho yake. Mistari iliyonyooka akaipiga safi. Likabaki duara la katikati. Duara linachorwa hivi: unapigilia kigingi katikati, unafunga kamba, unazunguka huku unamwaga chokaa. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Ila mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelainika, na kila Mjomba akivuta kamba, kigingi kinamfuata kidogo. Akivuta tena, kinamfuata tena. Yeye macho yapo kwenye chokaa, anajiona bingwa.

Siku ya mechi watu wamejaa, timu zimesimama, refa anapeleka mpira katikati. Akasita. Akatazama chini. Akalizunguka lile duara lote taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Kisha akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza karanga nje ya uzio:

"Hili nani kalitaga?"

Basi. Imeisha hiyo. Miaka kumi na tisa sasa mtu mzima anaitwa Yai. Kwenye harusi yake mshereheshaji alimtangaza hivyo hivyo, na bibi harusi ndiye aliyecheka wa kwanza. Huyo bibi harusi ndiye Anti yetu, fundi cherehani, na kwenye simu yake amem-save "Yai Langu". Mtoto wao wa kwanza anaitwa Kifaranga, na mtoto wa watu hana kosa lolote.

Wote tunacheka, na yeye anacheka. Ila kuna kitu nilikuwa sikijui mpaka mwaka huu. Tangu siku ile Mjomba hajachora duara tena. Hata moja. Akipewa kiwanja chenye duara, anabadilishana na mwenzake: we nichoree hilo, mimi nitakuchorea mistari ya viwanja viwili. Miaka kumi na tisa anakwepa mviringo kama mtu anayemkwepa mwenye nyumba. Anti aliniambia hili kwa sauti ndogo jikoni, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Haya, shikilieni hapo, sasa tuingie kwenye mashindano.

Mwaka huu yaliandaliwa mashindano ya hisani ili shule ya wasioona ipate bweni jipya. Mchezo ni mpira wa kengele. Kama hujawahi kuuona, ni hivi: watu watatu kila upande, wote wamefungwa macho, mpira una kengele ndani. Mmoja anauviringisha sakafuni kwa nguvu zake zote, wa upande wa pili wanausikiliza, wanajitupa chini kuuzuia usiingie golini. Watazamaji kimya kabisa, maana ukikohoa tu umeharibu. Wakacheza zimamoto, wauguzi, walimu, waoka mikate, na timu ya shule yenyewe, ambayo iliwachapa wote bila kutoka jasho. Zimamoto walikula kumi na mbili bila. Mmoja wao alijitupa vizuri sana, akanyoosha mikono na miguu, akaulinda ukuta. Mimi nilichezea waoka mikate, na tafadhali msiniulize matokeo.

Sasa mchezaji aliyefungwa macho anajuaje amesimama wapi? Hapo ndipo Mjomba anaingia. Mistari ya mchezo huu haipakwi rangi. Unatandaza uzi mnene sakafuni, juu yake unabandika utepe, mstari unakuwa na kimgongo. Mchezaji anaupapasa kwa vidole au kwa unyayo, anajua hapa ni golini, hapa ni katikati. Mjomba aliutandaza ukumbi mzima, na kwa bahati yake nzuri, uwanja wa mpira wa kengele hauna duara hata moja.

Jumamosi jioni, fainali imeisha, nimekaa kwenye benchi nauguza goti, nikamwona mama mmoja anapapasa mstari wa golini kwa kidole gumba cha mguu. Alikuwa Mwalimu wa muziki wa ile shule. Yeye mwenyewe haoni, na ndiye kiongozi wa bendi yao ya watu saba, wote hawaoni. Bendi hiyo ndiyo ingepiga kesho yake kwenye chakula cha kufungia mashindano.

"Fundi wa mistari yuko wapi?" akauliza.

"Nipo, Mwalimu," Mjomba akasogea.

"Mistari yako vijana wangu wameisifia. Nina ombi. Kesho nataka bendi iingie yenyewe. Kutoka mlangoni mpaka jukwaani, tunapuliza huku tunatembea. Asitushike mtu."

"Kwa nini asiwashike mtu, Mwalimu?"

"Mwaka jana kwenye sherehe nyingine walitushika mikono, tukaingia kama chekechea wanavuka barabara. Ukumbi mzima ukasema 'aaah'. Kisha makofi. Hatujapuliza hata noti moja, fundi! Sasa niambie, yale yalikuwa makofi ya nini?"

Mjomba akajikuna kidevu.

"Kesho nataka makofi yaje mwisho," Mwalimu akasema. "Tukiwa tumeyafanyia kazi. Au yasije kabisa."

Jumapili asubuhi Mjomba alianza kwa kubandua mistari yote ya mchezo na kufuta gundi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwa sababu unyayo ukikuta kipande cha zamani unaweza kukifuata ukaishia chooni. Kisha akapiga mstari mmoja, umenyooka kama mkunjo wa pasi kwenye suruali ya hakimu, hatua ishirini na sita kutoka mlangoni mpaka chini ya jukwaa. Mwishoni akaweka mafundo mawili, ishara kwamba hapa ni ngazi. Mwalimu akaja, akautembea mara mbili, akasema sawa. Saa sita mchana kila mtu akaenda kuoga.

Sherehe ilikuwa saa kumi. Sisi tukarudi saa tisa na nusu: Mjomba kwenye suti yake ile moja, Anti kwenye gauni alilojishonea wiki nzima, na mimi nachechemea. Mjomba akaingia ukumbini, akatazama chini, akasimama vilevile kama yule refa.

Mstari haukuwepo.

Mpambaji wa ukumbi, mama mmoja mchapakazi ajabu, akaja anatabasamu, mkononi kashika bonge la uzi na utepe, amelivingirisha vizuri kama kitunguu.

"Fundi! Mlisahau uchafu wenu wa mchezo sakafuni. Nimewatolea wote, wala msihangaike."

Anti alifumba macho. Ungemlaumu vipi yule mama? Ameona utepe wa jana, amesafisha. Na hakuishia hapo. Katikati ya ukumbi, palepale mstari ulipopita, alikuwa ameweka meza, na juu ya meza amejenga mnara wa glasi. Glasi mia mbili na kumi, moja juu ya nyingine, mpaka juu kabisa glasi moja imesimama peke yake. Jua la alasiri linaingia dirishani, mnara wote unawaka.

"Umependeza," Mjomba akasema kwa shida. "Tunaweza kuusogeza?"

"Kuusogeza!" Mpambaji akacheka mpaka akashika kiuno. "Baba, nimeujenga kwa saa mbili. Huo hata usiupigie chafya."

Mwenyekiti wa kamati akafika mbio, mfamasia mmoja ambaye tai yake ilikuwa imembana kuliko majukumu. Akaelezwa. Akatazama saa.

"Fundi, wageni wanaingia. Tuwashike tu mikono, ni dakika moja."

"Hapana, mheshimiwa."

"Sasa utafanyaje? Njia imezibwa!"

Mjomba akatazama. Niwaelezee ukumbi, maana hapa ndipo penyewe. Kulia kwa mnara kuna meza za wageni zimebanana. Kushoto kuna nguzo ya zege, na kati ya nguzo na mnara ni upenyo wa mtu mmoja na nusu. Njia ni hapo tu. Maana yake mstari hauwezi kunyooka. Lazima uzunguke.

Nilimwona Mjomba anageuza uso. Anti naye alimwona.

"Mume wangu," akasema taratibu.

"Najua."

"Nikupe uzi?"

"Ngoja kwanza." Akachuchumaa, akafumba jicho moja. "Duara halifai. Nikipiga nusu duara, linawabamiza kwenye nguzo. Kabla ya meza kuna nafasi ndefu, baada ya meza kuna nafasi fupi, ngazi zipo karibu. Lazima lianze kupinda mapema, polepole, polepole, halafu lifunge haraka pale mwisho." Alichora hewani kwa kidole. Sote tukakitazama kile kidole. Upande mmoja mrefu mwembamba, upande mwingine mfupi mnene.

Nilijiuma ulimi. Naapa nilijiuma. Anti ndiye aliyesema:

"Yai."

"Nusu yai," Mjomba akamrekebisha, akavua viatu.

Jamani. Nimemwona Mjomba akifanya kazi tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kumtazama. Alivua koti, akapiga magoti kwenye suruali ya suti, akaanza kutandaza uzi kwa mkono wa kushoto, bila kigingi, bila kamba, bila kipimo. Anti nyuma yake, gauni jipya limekunjwa mapajani, anakata utepe kwa meno na kuubandika. Wageni wanaingia, wanawapita, wanauliza kuna nini. Refa mstaafu, yuleyule wa miaka kumi na tisa iliyopita, naye akaingia na fimbo yake, akamwona, akapaza sauti: "Yai! Mpaka kwenye sherehe unataga?" Ukumbi ukacheka. Mjomba hakuinua hata kichwa.

Alipomaliza akaomba leso ya Anti, akajifunga macho, akasimama mlangoni, akatembea peku. Hatua kumi, kumi na mbili, akaanza kupinda. Alipofika kwenye mnara nyonga yake ikagusa kitambaa cha meza. Glasi zikalia *tiiing*, zote, kama zimeshtuka. Mpambaji akakaa chini palepale alipokuwa.

"Vidole vinne kushoto," Mjomba akasema, macho bado yamefungwa. Wakabandua kile kipande, wakasogeza vidole vinne, wakabandika. Akajaribu tena. Akapita. Saa kumi kasoro dakika mbili akavaa viatu, akasimama karibu na nguzo, jasho linamtiririka, vumbi magotini.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. Nilitegemea maneno mengi, unawajua. Lakini alisema neno moja, lile la refa wa mpira wa kengele kabla mpira haujarushwa: "Kimya." Na watu mia tatu, ambao siku mbili nzima walifundishwa kunyamaza, wakanyamaza. Hata vijiko.

Muziki ulianzia nje.

Tarumbeta moja, mbali, nyuma ya mlango. Noti ndefu, haina haraka. Mlango ukafunguliwa na Mwalimu akaingia, suti ya bluu iliyokolea, tarumbeta mdomoni, miguu peku. Nyuma yake saksafoni mbili, kisha tromboni, kisha ngoma ndogo, kisha kubwa. Viatu vyao, jozi saba, vimepangwa nje kizingitini. Hakuna aliyenyoosha mkono, hakuna aliyemshika mwenzake bega. Unyayo wa kulia unatangulia, unausikiliza uzi, kisha mwili mzima unafuata, na muziki unatembea nao. Sijui niwaelezeje. Ulikuwa unaona wimbo unaingia kwa miguu.

Wakafika pale panapoanza kupinda. Mwalimu hakusita. Mguu wake ukaenda kushoto kidogo, kushoto kidogo tena, kama mtu anayepita kwenye korido ya nyumbani kwake. Akapita kati ya mnara na nguzo. Na ngoma kubwa ilipokaribia, glasi zikaanza kuimba. Naapa tena. Zile glasi mia mbili na kumi zikawa zinavuma kila ngoma ikipigwa, mnara mzima unatoa sauti yake, jua linachezacheza ndani yake, na hakuna iliyosogea. Mpambaji aliziba macho kwa mikono miwili, kisha akaachanisha vidole.

Halafu akaingia wa mwisho.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Mjomba kuhusu wa mwisho. Kijana mmoja mkubwa, na mwilini kajizungushia lile pembe la shaba linalomzunguka mtu kama chatu, mdomo wake mpana kama beseni umetokeza ubavuni. Mjomba alikuwa amepima kwa nyonga zake mwenyewe. Nilimsikia ananong'ona, "Lile sikulipima." Anti akamshika mkono. Mwenyekiti akalegeza tai.

Kijana anakuja. Anapuliza zile sauti nzito zinazokuingia tumboni. Hatua nne afike. Tatu. Beseni la shaba liko usawa wa glasi. Mbili. Na pale, bila mtu kumwambia, bila kuacha kupuliza, akageuka ubavu. Miguu ikabaki kwenye uzi, mwili ukakaa upande, mdomo wa chatu ukatazama juu ya vichwa vyetu, akapita hatua tatu kama kaa. Kati ya shaba na glasi ya mwisho ungeweza kupitisha kidole. Kimoja. Kisha akanyooka na kuendelea, na noti haikukatika.

Baadaye, wakati wa kula, nilimfuata na sahani yake ya kuku nikamuuliza alijuaje. Akashangaa swali. "Sauti yangu ilinirudia usoni," akasema. "Huku ukuta mgumu, huku kitu chembamba kinavuma. Sasa hapo si unageuka tu?" Ati unageuka tu. Mimi naona vizuri kabisa na wiki iliyopita nimegonga mlango wa kioo.

Wakapanda jukwaani, mafundo mawili, ngazi, kila mtu mahali pake. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho, na mpaka hapo hakuna aliyepiga kofi. Wala hakuna aliyesema 'aaah'. Noti ya mwisho ikaisha, na glasi zikaendelea kuvuma kidogo peke yao baada yake.

Kisha ukumbi ukalipuka. Watu wamesimama, zimamoto wanapiga meza, wauguzi wanapiga vigelegele, refa mstaafu anagonga fimbo sakafuni. Mwalimu alishusha tarumbeta na kuinamisha kichwa, anasikiliza, kama mtu anayeonja chumvi.

"Haya ndiyo yenyewe," akasema kwenye kipaza sauti. Kisha: "Fundi yuko wapi?"

Mjomba alijaribu kujificha nyuma ya nguzo, lakini ana tumbo.

"Mstari wa asubuhi ulinyooka," Mwalimu akasema. "Huu wa sasa umepinda. Nimetembea kwenye mistari mingi maishani, na watu wanapotaka kuzungusha, wanakata kona. Mguu unafika pale unapotea, unaanza kutafuta. Huu ulinigeuza nikiwa sijajua ninageuzwa. Aliyeuchora ni nani?"

Refa mstaafu ndiye aliyejibu. Alisimama, akavua kofia, na safari hii hakupaza sauti.

"Anaitwa Yai," akasema.

Wakacheka, Mwalimu naye akacheka, lakini kicheko kile kilikuwa kingine, na watu waligeuka na kumpigia Mjomba makofi mpaka Anti akaanza kulia juu ya gauni lenye vipande vya utepe. Mjomba yeye alikuwa anayatazama magoti yake yenye vumbi. Alitoa leso ya Anti mfukoni, akajifuta jasho. Nadhani lilikuwa jasho.

Baada ya chakula kukawa na foleni. Watu walivua viatu, wakajifunga macho kwa leso, wakautembea ule mstari mmojammoja, huku mpambaji amejisimamisha mbele ya mnara wake kama golikipa. Mwenyekiti alitembea hatua kumi na tano akapotea, akakumbatia nguzo, akaiomba radhi. Refa alikwenda na fimbo yake, polepole, na alipofika kwenye mpindo alisimama muda mrefu. Kisha akarudi nyuma, akaupita tena.

Jumatano iliyofuata Mjomba alipewa kiwanja kipya cha mpira, duara la katikati likiwemo. Mwenzake akaja na kamba kama kawaida. Mjomba akamwambia lete hiyo hapa. Nilikwenda kuangalia mwenyewe, nikalizunguka lote, mikono nyuma. Ni duara. La mviringo kabisa, halina hitilafu. Nikasikitika kidogo, niseme ukweli.

Haya, nimemwanika mjomba wangu vya kutosha, na ameniruhusu kwa sharti moja: nisiwe mwongeaji peke yangu. Kwenu anaitwa nani, na lile jina lilimgandaje? Baba Kijiko, dada Breki, yeyote yule. Na kama kuna siku ulimtazama akifanya kazi yake ukaishiwa maneno, hiyo andika kwanza. Nafasi ya maoni ipo hapo chini, na Yai mwenyewe anasoma.